Nilivyopeleka mbuzi wa mahari Beni kwa pikipiki yenye wenyewe wanne

Wakuu wa jukwaa, salamu kutoka Butembo, mashariki ya Congo, huku kwenye baridi na vumbi jekundu.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Naona thread za watu waliokwama na pikipiki: mmoja cheni imekatika porini, mwingine kaibiwa betri mbele ya baa. Poleni sana. Lakini kila nikisoma najisemea, hawa ndugu zangu hawajawahi kuendesha pikipiki ambayo kila kipande kina mwenyewe, na mwenyewe hataki kubaki nyumbani.

Nitaeleza ilivyokuwa. Mke wangu amekaa hapa pembeni anachambua maharagwe, nikiongeza chumvi atanisahihisha kwa sauti. Kwa hiyo shahidi mnaye.

Kiswahili changu kisiwashangaze. Niliwahi kukaa Mwanza nikiuza vitenge, nikajifunza kuandika kama nyinyi. Ila watu wa kwetu wakiongea nitawaacha waongee walivyoongea. Na mjue kwamba pikipiki sisi tunaiita moto, ni Kifaransa hicho. Mkisikia mtu anasema moto yake imezimika, msilete maji.

Sasa twende.

Ilikuwa wakati wa vita. Siyo ile ya kwanza, ni ile iliyofuata, ndefu, ambayo hata sisi tuliokuwa ndani yake hatukujua wiki hii nani anapigana na nani. Ulichojua ni kimoja tu: askari akiona pikipiki nzima, ni yake. Wenyewe waliita réquisition. Maana yake shuka, nipe, na usiniangalie usoni.

Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na mfanyabiashara hakubali kupoteza mali hivi hivi. Bunduki hatukuwa nazo, spana tulikuwa nazo. Mtaani kwetu ikazuka akili: fungua pikipiki yote, tawanya vipande kwa majirani. Askari akikuta gurudumu chini ya kitanda, atalipanda vipi?

Akili nzuri kabisa. Tatizo lilikuwa Kakule.

Kakule ndiye fundi wa mtaa, mtu anayejiamini kuliko daktari. Siku zilipokuja tetesi kwamba askari wanapanda kutoka kusini, alifungua pikipiki zote za mtaa asubuhi moja, kwenye uwanja mmoja, juu ya turubai moja. Na zote zilikuwa za aina moja, zile za Kijapani tunaziita AG, maana tajiri mmoja tu ndiye alikuwa akiziingiza na sote tulinunua kwake. Nadhani mmeshaona linakoelekea.

Nilimuuliza, "Kakule, utajua aje ile pièce ni ya nani?" Pièce ndiyo kipande.

"Hapana ogopa. Mi niko nazijua kwa sura, sawa batoto yangu."

Wakuu, Kakule alikuwa na watoto wengi, na kila siku alimwita mmoja kwa jina la mwingine. Ningepaswa kushtuka pale pale.

Vipande vikatawanywa. Miezi ikaenda, askari wakaja, wakaondoka, wakaja wengine. Kila tetesi zikirudi, aliyekuwa na kipande alikihamisha. Vingine vilizikwa. Vingine vilikimbia na familia hadi Lubero na havikurudi. Utulivu kidogo ulipopatikana tukaenda kudai mali zetu, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mimi nasema injini ile ni yangu, mwingine anasema ni yake, na Kakule anakuna kichwa anasema zote zinafanana na baba yao.

Mkubwa wa avenue, yaani wa mtaa, alituita wote, akasikiliza, akachoka, akatoa hukumu: "Ule alilala na pièce, pièce ni yake."

Hasira zilinipanda, nakiri, mimi ni mtu wa hasira za karibu. Lakini ukifikiri vizuri, hukumu ilikuwa na haki yake. Aliyelala na injini ya pikipiki ndani ya nyumba wakati askari wanapiga mlango, huyo alilala na kifo chake. Hakuna aliyepinga. Ikawa sheria ya mtaa.

Mimi nilibaki na nini? Chasi. Ile mifupa ya pikipiki, na usukani wake. Ilikuwa ndefu mno, hakuna jirani aliyeitaka, kwa hiyo muda wote ilikuwa ndani ya banda la kuku la mama yangu. Kuku walikuwa wakilala juu yake na walikuwa wameiheshimu kwa namna ya kuku. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yangu.

Sasa upande wa pili wa habari. Nilikuwa na mchumba, Kahindo, binti wa Beni. Tulijuana hapa Butembo sokoni, alikuwa akileta mafuta ya mawese na kurudi na vitambaa. Alinipunja kwenye kipimo mara ya kwanza tu tulipoonana, nikarudi kulalamika, nikarudi tena bila cha kulalamikia.

Kwetu Wanande mahari ni mbuzi. Mbuzi karibu wote nilikwisha kuwatoa, wamebaki kuliwa tu. Alibaki mmoja wa mwisho, na huyo baba yake Kahindo, mzee Katembo, mkulima wa kahawa, alimwekea masharti.

"Mbuzi ya soko hapana. Nataka mbuzi ilikula majani ya kwenu."

Kwetu upande wa mama ni Alimbongo, kule juu kwenye baridi kali. Mjomba akamleta mbuzi hadi Butembo kwa miguu, dume jeusi lenye manyoya mazito na macho ya dharau. Nikamfunga nyuma ya nyumba, nikawa nasubiri njia itulie ili nimpeleke Beni.

Njia haikutulia. Badala yake nikaitwa kwenye phonie ya paruwasi, yaani ya parokia.

Wadogo humu hamjui phonie. Ni radio call. Simu hazikuwepo, ukitaka kuongea na mtu wa Beni mnapanga saa, kila mmoja anakaa mbele ya mashine ya mji wake. Na kila mwenye mashine kama hiyo, kutoka Beni hadi kusini kote, anawasikia. Yaani mambo yako ya ndani yanasikilizwa na masista, wauza kahawa na askari.

Sauti ya mzee Katembo ikatoka kwenye mikwaruzo: "Kambale! Mbuzi iko wapi? À toi."

"Iko hapa, tata. Barabara njo mubaya. À vous." À toi, à vous, yaani zamu yako; na tata ni baba.

"Sikia. Huku batu banakimbia. Shangazi yake anaenda Kampala na avion ya Mavivi, samedi, kisha midi. Iko na nafasi ya Kahindo. Mbuzi ikifika mbele ya avion, binti anabaki. Isipofika, anaenda. À toi."

Nilikaa na kile kipaza sauti mkononi. Ilikuwa Alhamisi, na ndege ya Mavivi inaruka Jumamosi baada ya saa sita mchana; mbuzi lazima afike kabla. Mabinti waliokwenda Kampala kipindi hicho wote tuliwajua: walikuja kuonekana tena kwenye picha, wamesimama na mume mwingine.

Kabla sijajibu, sauti nyingine ya mtu nisiyemjua kabisa ikaingia kutoka huko kusini: "Mupe mbuzi yake, wee kijana!"

Nikatoka.

Malori hayakutembea wiki ile, yalikuwa yameogopa réquisition na yenyewe. Kwa miguu na dume la mbuzi lenye dharau nisingefika. Nilihitaji pikipiki. Plan yangu ilikuwa rahisi: niunganishe pikipiki moja, nimfunge mbuzi mbele, niondoke peke yangu alfajiri Ijumaa, mchana niko Beni. Sikutaka mtu wa kunichelewesha.

Nikaenda kwanza kwa Papa Paluku, katekista wetu, aliyekuwa na injini. Alikuwa ameizika kwenye shamba la maharagwe ndani ya nailoni. Akaifukua kwa heshima zote, akaifuta, akaipakata.

"Nitakupa, mutoto wangu. Mais haitaenda pasipo mimi."

"Papa, ni kwenda na kurudi tu."

"Na usiku? Utalala nayo Beni. Kisha utaniambia ni yako. Sheria ni sheria."

Hiyo ndiyo hukumu ya mkubwa wa avenue. Aliyelala na kipande, kipande ni chake.

Magurudumu yalikuwa kwa Pasta Mbusa, wa kanisa la Kiprotestanti. Aliyaficha ndani ya mimbari yake, na kwa muda wote wa vita alihubiri juu ya magurudumu mawili bila waumini kujua. Yeye na Papa Paluku walikuwa hawasalimiani vizuri, mambo ya Bikira Maria hayo. Nikamwambia ninaenda na katekista.

"Na mimi minaenda," akasema haraka. "Katekista hapana tembelea juu ya magurudumu yangu mi niko nyumbani."

Tangi lilikuwa kwa Mama Kavira, mjane, muuza kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Nililikuta chini ya meza limejaa, analichovya kwa kata na kuwapimia wateja. Alisema tangi linaipa kasiksi ladha ya nguvu na wateja wameongezeka.

Nikamweleza shida yangu yote, Kahindo, ndege, baba mkwe. Alifuta machozi kwa kona ya kitenge. Nikajua nimepona.

"Maskini mutoto wangu," akasema. "Basi ngoja nifunge mikoba, tuende."

Hapo nilipiga ukuta teke, vidole vikavimba, nikawa na tatizo jingine.

Ijumaa alfajiri tukakutana kwa Kakule. Akaunganisha. Mama Kavira akamimina kasiksi kwenye ndoo ili tangi lipate petroli, akaiweka ndoo pembeni. Sote tulikuwa tunamwangalia Kakule anavyolazimisha gurudumu la nyuma kwa nyundo, kwa hiyo hakuna aliyemwangalia mbuzi.

Ndoo tuliikuta tupu. Dume la Alimbongo lilikuwa limesimama juu yake, miguu imepanuka, dharau yote imetoka machoni, linatabasamu. Najua mbuzi hatabasamu. Huyu alitabasamu.

Pikipiki yenyewe? Ikiwa wima haiwaki. Lazima uilaze upande wa kushoto, upige kick, halafu uiinue taratibu huku katekista akiongea na injini yake kwa upole. Ilipowaka ilitoa moshi wenye harufu ya kilabu. Kakule akatuazima spana zake mbili, akatutakia safari njema, akakataa katakata kuja. Alisema yeye hana kipande.

Basi tukaondoka. Watu wanne, mbuzi mlevi mmoja, na pikipiki ya kubeba wawili.

Kwenye miteremko tulipanda wote. Mimi mbele, mbuzi amelazwa juu ya tangi, nyuma yangu Papa Paluku, nyuma yake Mama Kavira, na Pasta mwisho kabisa juu ya carrier, miguu imening'inia. Hiyo miguu ndiyo ilikuwa breki. Nikisema "Pasta!" anashusha viatu chini, vumbi linatoka, tunapungua mwendo. Kwenye milima tulishuka wote na kusukuma. Na njia ya Butembo kwenda Beni, kwa asiyeijua, ni mlima, mteremko, mlima.

Mahali pa tambarare ndipo palikuwa pabaya zaidi. Injini ilikuwa na nguvu ya kuvuta wawili. Nikisema nitangulie na mmoja, wengine wanapiga kelele kwamba mali yao inatoroshwa. Kwa hiyo niliendesha gear ya kwanza, polepole, nao wanatembea pembeni kila mmoja ameshika kilicho chake. Wanawake waliotoka shambani na mizigo ya mihogo mgongoni walitupita. Mmoja alitusalimia kwa Kinande, akauliza ni maziko ya nani.

Nilikuwa nalia ndani kwa ndani. Kila nikiangalia jua naiona ile ndege.

Tulipofika kijiji cha Maboya tukakuta barrière. Kamba imekatiza njia, askari kadhaa, na kamanda amekaa kwenye kiti cha plastiki, miwani myeusi, radio ya muziki miguuni. Pikipiki nzima na mbuzi mzima, mbele ya watu wenye njaa. Ilikuwa ni kama nimewaletea order yao.

Kamanda akainuka. "Moto oyo ya nani?" akauliza kwa Lingala. Pikipiki hii ni ya nani?

Nikafungua mdomo. Papa Paluku akaniwahi. "Mon commandant, moteri ni yangu."

"Magurudumu ni yangu," akasema Pasta.

"Réservoir yangu," akasema Mama Kavira.

Kamanda akavua miwani. "Nauliza mwenye moto. Mutu moja. Nimwambie ashuke."

"Sasa mon commandant," katekista akaanza, kwa sauti ya kufundisha watoto komunyo ya kwanza, "moto ni nini? Moto ni moteri. Bila moteri, ni kinga tu." Kinga kwetu ni baiskeli.

"Hapana!" Pasta akaruka. "Bila magurudumu moteri yako itaenda wapi? Itabaki inalia kama ng'ombe."

"Na munatia petroli wapi? Ndani ya kofia?" Mama Kavira akauliza.

Wakuu, waligombana. Kwa kweli. Chuki zote za njiani zilitokea pale mbele ya bunduki, wakasahau kabisa kuna askari. Bikira Maria aliingia. Ubatizo wa maji mengi uliingia. Kamanda alikuwa anageuza kichwa huku na huku akimfuata anayeongea.

Mwisho akapiga kelele. "Basi! Nachukua yote!"

Mama Kavira akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, akakumbatia tangi. "Chukua. Lakini réservoir hapana enda bila mimi. Utanipeleka mbele, kwenye vita? Nakula mara tatu, mwanangu. Na niko na mguu mugonjwa."

"Na mimi niko nyuma ya moteri," akasema Papa Paluku, "na kila jioni tunasali rosari."

"Na mimi nahubiri," akasema Pasta.

Nilimwona kamanda anawaza. Niliona kabisa picha inampita kichwani: yeye na vijana wake porini, na hawa watatu nyuma. Kisha jicho lake likamwona mbuzi.

"Ile mbuzi yenyewe, iko na mwenyewe moja?"

Nikasema ndiyo, kwa sauti ndogo. Hapo nilijua nimekwisha. Niwe na pikipiki nisiwe nayo, bila mbuzi hakuna Kahindo.

Askari mmoja akamshusha. Mbuzi akasimama, akatembea kando kama kaa, akagonga kiti cha kamanda, akaanguka juu ya radio. Akainuka, povu mdomoni, akalia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mbuzi wala kwa kiumbe chochote. Kisha akatapika kwenye buti za kamanda.

Askari wote wakarudi nyuma.

"Iko na nini hiyo nyama?" kamanda akauliza.

Katekista hawezi kusema uongo, pasta naye hawezi, na ukweli ungetuletea matatizo ya aina nyingine. Wote wawili wakainamisha vichwa kama watu wenye msiba. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao walikubaliana jambo.

"Kende!" kamanda akapiga kelele, ondokeni. "Mutoke nayo hapa! Mbali!"

Wakatufungulia kamba haraka. Wakatusukuma hadi juu ya mlima wa kwanza ili tuondoke upesi, ndiyo msaada pekee tuliopata siku ile.

Jioni ilitukuta kijijini Kabasha. Tukapata familia nzuri iliyotukaribisha, wakatupa ugali na sombe, yaani kisamvu. Nikasema alhamdulillah za Kikristo, sasa tulale, alfajiri tuondoke. Nikakuta Pasta ameshika spana, anafungua gurudumu la mbele.

"Pasta, unafanya nini?"

"Mwanangu, hii moto ikilala nje, ni nani amelala na pièce? Sheria haikutaja mji."

Papa Paluku akasikia hivyo, naye akadai injini yake itolewe. Tukaitoa. Kwa kibatari. Kila mtu akaingia kulala na kilicho chake: Pasta katikati ya magurudumu, katekista amepitisha mguu juu ya injini, Mama Kavira amelalia tangi kama mto. Wenyeji walitufungulia mlango asubuhi, wakaitana waje waone.

Mimi nililala nimemkumbatia mbuzi. Mnicheke mkitaka. Kwa hali ilivyokuwa sikutaka mtu yeyote apate wazo.

Kuunganisha tena kulikula asubuhi yote. Nilitukana. Nilimtukana Kakule, nikawatukana wote watatu, wazee wa kunizaa. Niliwaambia kwamba kwa ajili ya vyuma vyao ninapoteza mke. Mama Kavira akanishikia boliti. Nikaona aibu, lakini hasira haikuisha.

Mteremko wa Kabasha tuliushuka wote wanne, viatu vya Pasta vikitoa moshi, na joto la Beni likitupanda usoni. Tulipofika kwa mzee Katembo jua lilikuwa limekwisha kupita utosi. Nje palikuwa na jeep kuukuu ya shangazi, mizigo juu yake, na dereva kaingiza kichwa chini ya kifuniko cha injini anatukana. Kahindo alikuwa amekaa ndani, kitambaa cha safari kichwani, anaangalia mbele.

Jeep haikuwa imeondoka. Nikashikilia usukani.

Mzee Katembo akatoka. Hakumwangalia mbuzi, aliyekuwa amelala usingizi wa hangover juu ya tangi. Hakuiangalia pikipiki. Aliwaangalia wale watatu, wamejaa vumbi hadi kope.

"Hawa ni nani?"

"Moteri," akasema Papa Paluku, amechoka kabisa.

"Magurudumu."

"Réservoir."

Mzee akanigeukia. "Na weye?"

"Chasi, tata."

Ndani ya jeep mtu akacheka. Kahindo. Kicheko kile cha sokoni, cha kunipunja mafuta. Nilikuwa nimekisahau kilivyo.

Mzee Katembo hakucheka. Akamshika mkono katekista, akamshika pasta, akamwinamia Mama Kavira. Akaniambia polepole, wote wakisikia:

"Kambale. Nilimwambia mama ya Kahindo: kama kijana anakuya peke yake, mbuzi nitapokea, binti hapana. Vita hii inameza batu. Mutoto wangu akilala mugonjwa kule Butembo, nani atamubeba? Nilitaka kuona ni nani atatembea hii njia kwa sababu yako."

Nikaangalia chini. Wakuu, mimi nilitaka kuja peke yangu. Ningefika Ijumaa mchana, msafi, mwenye haraka, na ningemkosa.

Nilitaka kusema ukweli, kwamba hawa wamekuja kwa sababu ya vyuma vyao. Mama Kavira akanikanyaga mguu, ule ule wenye vidole vilivyovimba. Akamwambia mzee, "Huyu ni mutoto yetu." Na Pasta akasema amina, na katekista akasema amina, na sikuwaona wakitazama pikipiki hata kidogo.

Nililia. Mbele ya baba mkwe. Sina cha kuficha.

Tulipokuwa tunakula, ile ndege ndogo ilipita juu kutoka Mavivi. Shangazi alikuwa amepata pikipiki ya mtu, akaondoka peke yake akinung'unika, maana jeep ilikataa kuwaka hadi mwisho. Pasta alikuwa anawaeleza wenyeji hukumu ya mtaa wetu, ya kulala na kipande, na watu wanashika mbavu.

Kahindo akaniita nyuma ya jiko. Akafungua kile kitambaa cha kichwani, akatoa kitu ndani ya nywele, akakiweka kiganjani mwangu. Ilikuwa plagi, ile ya kuwasha injini, sisi tunaiita bougie. Ya jeep.

"Nilitoa jana," akasema. "Nimelala nayo. Njo yangu?"

Nikafunga kiganja.

Mwisho wa pikipiki mtaupenda. Papa Paluku ana dada yake Mavivi, alitaka kukaa naye kidogo, na bila shaka injini ikabaki naye. Pasta kusikia hivyo akafungua magurudumu yake, na Mama Kavira tangi lake. Mimi na mke wangu tulipanda Butembo siku malori yalipoanza kutembea, tumekaa juu ya magunia ya kahawa, tumeshikilia chasi katikati yetu.

Funzo nililopata, kwanza la kifundi: ukifungua pikipiki, weka alama ya rangi kwenye kila kipande, na usimwamini fundi anayezijua kwa sura. La pili silijui kulisema vizuri. Watu walionichelewesha ndio walionifikisha, na bado sijui kama walijua wanachofanya. Papa Paluku ametangulia mbele ya haki, Mama Kavira naye, na siku za maziko yao nilibeba jeneza upande wa mbele bila kuambiwa.

Kahindo amesoma yote haya juu ya bega langu. Anasema kasoro ni moja tu: hakunipunja kile kipimo, mimi ndiye sijui kupima.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Aliyewahi kuficha spare kwa jirani wakati wa shida zozote atuambie, alirudishiwa au alirudishiwa pamoja na jirani? Na wale mnaosema mbuzi hawezi kutabasamu, karibuni pia, ila mje na hoja.